Maneno Yaliyomponyoka Florence Akidor

Watu wengi mjini Isiolo walimjua Florence Akidor kwa mkono wake, maana nusu ya sare za shule zilizovaliwa mtaa wa Bulla Pesa zilikuwa zimepita chini ya sindano ya cherehani yake. Lakini wafugaji wa huko Ngare Mara, wasio na haja kubwa na sare, walimjua kwa mdomo. Florence alikuwa mkalimani. Si mkalimani wa ofisi wala wa mahakama. Hakuwa na cheti wala kadi ya kuning'iniza shingoni. Aliitwa tu palipokuwa na mkutano kati ya Waturkana na Waborana juu ya malisho, maji au ngamia aliyepotea, akasimama katikati ya pande mbili, akachukua maneno ya huyu akampa yule.

Hakuna aliyemfundisha. Mama yake, Mturkana, alihamia mjini akiwa na mimba yake na kupanga chumba kwenye ploti ambayo vyumba vingine vyote vilikuwa vya Waborana na Wasomali. Florence alikula kwa akina Racho kuliko kwao, na alichapwa na mama yake Racho sawasawa na Racho mwenyewe. Alipofika darasa la kwanza alikuwa anajua kutukana kwa lugha tatu na kuomba msamaha kwa nne. Racho huyo, Mborana, ndiye mpaka leo jirani yake wa kazi: anauza maziwa na sukuma wiki kando ya baraza ambapo Florence anashona.

Kipaji chake kiliwashangaza watu. Mzee angeweza kusema dakika kumi bila kupumzika, aanze na dua, apitie ukame wa zamani, asifu marehemu babu yake, ndipo aingie kwenye jambo lenyewe. Florence alisimama amekunja mikono, akitazama chini, kama mtu asiyesikiliza. Mzee akimaliza, yeye hufungua mdomo na kuyatoa yote, kuanzia dua hadi kikohozi cha mwisho. Hakuandika chochote. Watu walisema ana kichwa cha tembo.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, alipanda bodaboda alasiri kutoka kazini kurudi nyumbani kwake Chechelesi. Mbuzi alikatiza barabara, dereva akamkwepa, na Florence akaanguka na kisogo juu ya lami. Alilala hospitalini siku mbili. Picha ya kichwa ikapigwa, ikasemekana ni safi. Alipewa dawa za maumivu akaambiwa apumzike.

Kaka yake Ekuam alikuja kumpima kwa njia zake mwenyewe.

"Unanijua mimi ni nani?"

"Wewe ni Ekuam, na bado una sufuria yangu."

"Mwalimu wetu wa darasa la pili aliitwa nani?"

Florence akamtaja. Akataja na rangi ya baiskeli ya mwalimu huyo, na majina ya maksai wawili wa babu yao, na nani alimpasua Ekuam paji la uso, na kwa jiwe gani. Ekuam akainua mikono juu, akamshukuru Mungu. Kichwa kiko sawa, akawaambia majirani. Na kila mtu akaamini hivyo, hata Florence.

Aliporudi kwenye cherehani ndipo alipogundua kwamba kuna jambo. Mikono haikuwa na shida. Mguu ulikanyaga, kitambaa kikapita, mshono ukatoka umenyooka kama zamani. Lakini alipompima mtoto kiuno, akasoma ishirini na nne kwenye futi, akageuka kuchukua daftari lililokuwa hatua mbili tu kutoka hapo, namba ilikuwa imepotea. Akapima tena. Ikapotea tena. Safari ya tatu mama wa mtoto akaichukua kalamu akaandika mwenyewe.

Nyumbani alibandika maharagwe, akaenda kuanua nguo, akarudishwa na harufu ya kuungua. Mtu alimtajia namba ya simu, na kabla hajafika katikati, mwanzo ulikuwa umeyeyuka. Alianza sentensi akasimama njiani, asijue alikuwa anaelekea wapi. Hakumwambia mtu. Alijiambia ni dawa.

Mwezi wa kumi na mbili akaitwa kwenye mkutano huko Gotu.

Mbuzi walikuwa wamepatwa na ugonjwa wa mapafu, na kisima kilichokuwa kinanywesha mifugo ya pande zote mbili kilikuwa kimeanza kuleta maneno makali. Waturkana walikaa upande huu na msemaji wao, Mzee Lotukoi, mtu mrefu asiyeachana na fimbo yake. Waborana walikaa upande ule na Mzee Guracha, mpole, asiye na meno ya mbele. Racho alikuwa ameandamana na kina mama wa Kiborana walioleta maziwa.

Guracha alisema kwa muda mrefu. Alianza na dua, akaingia kwenye mvua iliyokosekana, akakumbusha jinsi babu zao walivyochimba visima pamoja. Kisha akasema: "Hakuna mtu aliyekatazwa maji. Kisima ni cha wote. Ila mbuzi wanaokohoa, wetu na wenu, wakae kando wiki mbili, mpaka daktari wa mifugo awadunge sindano."

Florence alikuwa amekunja mikono kama kawaida. Lakini kila neno jipya lililoingia lilisukuma lingine nje. Dua ilitoka alipoingia babu. Babu akatoka ilipoingia mvua. Guracha aliponyamaza na nyuso zote zikamgeukia, alikuwa ameshika mkia tu. Angeweza kusema, "Mzee, rudia." Hakusema. Alifungua mdomo na kuwaambia Waturkana kile kilichobaki.

"Mzee anasema mbuzi wenu wakae mbali na kisima wiki mbili."

Lotukoi alisimama na kugonga fimbo chini. "Wiki mbili bila maji? Anataka wafe wote?" Vijana nyuma yake wakasimama pia. Upande wa pili wakaona watu wamesimama, nao wakasimama, bila kujua kosa lao ni nini.

Racho ndiye aliyeokoa siku hiyo. Kiturkana chake ni cha kubahatisha, lakini alikuwa amesikia vya kutosha. Alipita katikati ya wanaume, jambo ambalo wanawake hawalifanyi hapo, akasema kwa Kiswahili, "Si hivyo mzee amesema. Kaeni chini. Si hivyo."

Maelezo yakatolewa, watu wakaketi, lakini mkutano ulikuwa umeshapoteza ladha. Walitawanyika bila kukubaliana. Florence alipokuwa anaelekea kwenye gari alimsikia Mborana mmoja akisema kwa Kiswahili, kusudi asikie, "Mturkana atasema ya Waturkana." Hatua kumi mbele, kwa Kiturkana, akasikia mtu wa upande wake mwenyewe: "Huyu amelelewa na Waborana. Ndiyo maana anatuficha."

Jumatatu iliyofuata mtu wa ofisi ya chifu alipiga simu juu ya mkutano mwingine. Florence akamjibu kwamba ameacha kazi hiyo.

"Umeacha kwa nini?" Racho akamuuliza. Alikuwa anapanga mafungu ya sukuma bila kumtazama.

"Nimechoka."

"Mimi nilikuwa hapo, Florence. Wewe hukuchoka. Wewe ulipotea."

Florence akaendelea kukanyaga cherehani. Kisha akasimamisha gurudumu kwa kiganja, akamwambia yote: futi, maharagwe, namba za simu, sentensi zinazokatika njiani. Alisema kwa Kiborana, lugha aliyoitumia na Racho kwa mambo ya ndani tangu utoto. Alisema anaogopa anaelekea kwenye ule usahaulifu wa wazee, naye ana miaka arobaini na tatu.

Racho alifunika maziwa yake kwa kitambaa. "Kesho hatufungui. Tunaenda kuona mtu."

Mtu mwenyewe aliitwa Mutembei, Mmeru mwembamba aliyefanya kazi katika kliniki ya kuwarudisha watu kwenye shughuli zao baada ya ajali au kiharusi. Chumba chake kilikuwa na vikombe, vifungo, kamba za viatu na mipira, vitu vya kujifunzia upya. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia Florence, "Mama, nitakutajia namba. Wewe unirudishie vile ziko. Saba, mbili, tisa."

"Saba, mbili, tisa."

"Nne, moja, nane, tatu."

Akamrudishia.

"Sita, mbili, tano, tisa, moja."

"Sita, mbili..." Florence akatazama dirishani. "Basi."

Mutembei akaandika kitu. Kisha akauliza jambo lililomfanya Racho ageuke kumtazama vizuri. "Kwenu, babu yako akichinja mbuzi, alikuwa anaigawanya aje?"

Florence akacheka, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Akaanza. Kichwa kilikwenda kwa nani, shingo kwa nani, kidari kiliwekewa nani. Bega la kulia, bega la kushoto. Mbavu za huku na za huku. Mgongo. Maini waliyopewa watoto wadogo kwanza ili waache kelele. Figo, matumbo, paja la kulia la mgeni na la kushoto la nyumba, mkia wa bibi, na ngozi mwisho. Mutembei alikuwa anahesabu kwa kalamu.

"Kumi na tano," akasema. "Namba tano zimekushinda, na vipande kumi na tano umenipa bila kupumua. Kwa hivyo hii si ugonjwa wa wazee. Stoo yako iko imara."

"Sasa shida iko wapi?"

"Fikiria duka. Nyuma kuna stoo, kubwa, imejaa vitu vya miaka yote. Mbele kuna kaunta. Kila kitu unachofanya sasa hivi, kusikiliza, kupiga hesabu, kutafsiri, unakifanyia kwa kaunta. Na kaunta ya mtu yeyote ni ndogo. Vitu vitatu, vinne. Ukiongeza cha tano, kimoja kinaanguka. Halafu vitu havikai hapo. Ukigeuka kidogo tu vimeenda. Hiyo ndiyo inaitwa kumbukumbu ya kazi. Ile ya stoo ni kumbukumbu ya muda mrefu. Ajali imekupunguzia kaunta."

Florence akatikisa kichwa. "Daktari, mimi nilikuwa nashika maneno ya dakika kumi. Hiyo si vitu vinne."

"Ngoja. Nirudishie hizi: moja, tisa, sita, tatu, mbili, sufuri, moja, sufuri."

"Moja, tisa..." Akaacha.

"Sawa. Sasa nirudishie hizi: mwaka wa uhuru, na mwaka wa katiba mpya."

"Sitini na tatu. Elfu moja mia tisa sitini na tatu. Na elfu mbili na kumi."

"Ni zile zile nane," Mutembei akasema.

Florence alizirudia namba zile taratibu kwa vidole, moja baada ya nyingine, akaona kweli ni zile zile.

"Kwa kaunta zimekuja kama vitu viwili," Mutembei akaendelea, "kwa sababu stoo yako ilishakuwa na mahali pake. Hivyo ndivyo ulivyokuwa unafanya kwa mikutano, bila kujua. Mzee akisema maneno mia, wewe unasikia mafurushi matatu, maana mambo ya maji na malisho unayajua tangu utoto. Mwingine asiyeyajua angemwaga yote. Sasa kaunta imekuwa ndogo, na tena umeirundikia maumivu, usingizi mbaya na hofu. Hofu nayo inakaa hapo hapo. Ukiingia mkutano ukiogopa kusahau, umeshapoteza nafasi ya kitu kimoja kabla mtu hajasema."

"Itarudi?"

"Wengi wanapata nafuu kwa miezi. Wengine inabaki kidogo. Siwezi kukuahidi. Lakini njia ya kutoka kwa kaunta kwenda stoo unaweza kuitengeneza. Hiyo naweza kukuahidi."

Alimpa mambo ya kawaida: alale mapema, afanye jambo moja kwa wakati, aitaje namba kwa sauti kutoka kwenye futi hadi kwenye daftari. Kisha akamwambia achukue kitu anachokijua kwa moyo, kilichopangika, kisichobadilika, na kila jambo jipya alining'inize hapo.

Florence alimchagua mbuzi wa babu yake.

Mazoezi yalifanyika barazani baada ya chakula cha mchana, saa ambayo jua huwafukuza wateja. Racho alisimulia kitu chochote kwa Kiborana, na Florence alikitoa kwa Kiturkana, huku akijaribu kuliweka jambo la kwanza kichwani mwa mbuzi, la pili shingoni, la tatu kidarini. Wiki ya kwanza ilikuwa aibu tupu.

"Nimebaki na mbuzi," alisema siku moja, akiwa ametoa jasho. "Maneno yote yamekwenda, mbuzi amebaki mzima."

Racho alicheka mpaka akashika ukuta. Florence alikasirika, akakanyaga cherehani nusu saa bila kumsemesha.

Jambo lilibadilika siku Racho aliposimulia arusi ya mpwa wake. Alisema mjomba wa bi arusi alikuja amefungwa kitambaa kwa sababu ya jino. Mvua ikalowesha mchele. Shangazi mmoja akakataa kukaa mpaka apewe kiti chenye mgongo. Florence aliona, bila kujitahidi, kichwa cha mbuzi kimefungwa kitambaa. Aliona mchele umevimba ndani ya tumbo. Akamwona shangazi amekalia mgongo. Akasimulia arusi nzima kwa Kiturkana bila kuacha kitu, na alipomaliza akajua alikuwa anakosea wapi. Alikuwa anaweka neno kando ya kiungo, kama mtu anayeweka mzigo kando ya ngamia. Mzigo ulihitaji kufungwa. Ilimbidi kwanza aelewe jambo, aone lina uhusiano gani na kiungo hicho, ndipo likae. Maneno matupu hayakushika. Maana ilishika.

Hata hivyo kiasi kilikuwa na mpaka. Mambo matatu yalikaa vizuri, manne kwa shida. Matano yalianguka. Alimrudia Mutembei akamwambia hivyo.

"Basi wasimamishe kila baada ya matatu."

"Kwetu mzee hakatizwi akisema. Kwa Waborana vilevile."

"Ukimkatiza ghafla ni dharau. Ukimwomba mapema ni makubaliano."

Florence alisema atafikiria. Ukweli ni kwamba hakutaka kufikiria. Kuomba hivyo kungemaanisha kusimama mbele ya watu na kueleza sababu.

Mwezi wa tatu, asubuhi moja, Mzee Guracha mwenyewe alitokea barazani. Alikuwa ameshika shati jeupe lililochanika mfuko. Florence alisimama.

"Salaam aleikum, mzee."

"Aleikum salaam, binti yangu. Habari ya kazi? Habari ya watoto?" Akaketi kwenye kigoda, akamkabidhi shati, akamsubiri aweke uzi. "Tulimchukua mpwa wangu atutafsirie," akasema. "Kiborana anajua. Kiturkana anaponda kama tumbako. Lotukoi amesema hatakaa tena na mtu huyo. Kisima bado kiko vile vile."

"Mzee, walisema nimepindisha maneno."

"Walisema. Mimi pia nilifikiri hivyo, siku kadhaa. Halafu Racho akanieleza habari ya kichwa chako. Kwa nini hukutuambia?"

Florence alikuwa ameshaanza kushona mfuko. Mikono ilikwenda peke yake. "Niliona aibu. Mkalimani akisema kichwa chake kinavuja, nani atampa maneno?"

Guracha akafungua mdomo, akaonyesha ufizi mtupu wa mbele. "Mimi haya meno nimepoteza, kila mtu anaona. Nikisema haraka hakuna anayenielewa, kwa hivyo nasema polepole. Kwani wameacha kunisikiliza?"

Florence alikata uzi na kulikunja shati lile kwa uangalifu kuliko lilivyohitaji. Kisha akauliza mkutano ni siku gani, na kabla mzee hajamaliza kuitaja siku, alikuwa ameshaichukua kalamu.

Mkutano ulikuwa saa tatu asubuhi, kwenye vivuli vya migunga karibu na kisima. Watu walikuwa wengi kuliko Desemba. Florence alisimama katikati. Alisema kwanza kwa Kiturkana, kisha kwa Kiborana, maneno yale yale.

"Mwezi wa kumi nilianguka kwa pikipiki, nikagonga kichwa. Mambo ya zamani nayakumbuka yote. Lakini mtu akisema mengi kwa pamoja, ya mwanzo yananiponyoka. Safari ile niliwapa nusu ya maneno ya Mzee Guracha, na ile nusu ilikuwa mbaya. Kosa lilikuwa langu. Leo nawaomba: mtu akisema mambo matatu nitainua mkono, asimame, niyatoe, kisha aendelee. Kama hamtaki, nitakaa, mtafute mwingine."

Pakawa na minong'ono. Lotukoi aliegemea fimbo yake.

"Kwa hiyo siku ile hukutuficha?"

"Sikuwaficha, mzee. Yaliponyoka."

"Na hawa nao hukuwapendelea?"

"Kama ningewapendelea, ningewaharibia maneno yao namna ile?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wengine. Lotukoi hakucheka, lakini aliketi. "Basi inua mkono," akasema.

Guracha akaanza. Dua, mvua, babu. Florence akainua mkono Guracha akiwa katikati ya kuwasifu babu. Hakuna aliyewahi kumwona mtu akimsimamisha Guracha. Mzee akafunga mdomo, akasubiri. Florence akayatoa, akilichukua kila moja mahali pake: kichwani dua; shingoni mvua isiyoshuka, koo kavu; kidarini babu waliochimba kifua kwa kifua. Kisha akamwashiria aendelee.

Wakaenda hivyo, hatua kwa hatua. Katikati ya asubuhi pikipiki ilipita na vumbi, mtoto akalia, na alipoinua mkono alikuta kidari kitupu. Jambo la kwanza lilikuwepo, la pili lilikuwepo, la tatu halikuwepo. Hofu ya Desemba ikarudi.

"Mzee, jambo la tatu limenipotea. Naomba urudie."

Guracha akarudia. Lakini hakurudia vile vile. Mara ya kwanza alikuwa amesema, kwa ukali kidogo, kwamba mbuzi wa Waturkana ndio walioanza kukohoa. Mara ya pili alitafakari, akasema mbuzi wamekohoa pande zote, na hakuna anayejua kikohozi kilianzia wapi. Waborana wenzake walitazamana. Hakuna aliyemsahihisha. Florence akachukua yale ya pili, maana ndiyo aliyopewa, akayapeleka ng'ambo.

Zamu ya Lotukoi ilipofika, alisema mambo matatu, akasimama mwenyewe, akamtazama Florence kabla hajainua mkono. Baadaye watu walisema kwamba mkutano ule ulichukua muda mara mbili ya mikutano mingine, na kwamba hawakuwahi kusikilizana vile. Kila mara mmoja alipokuwa na jibu kali mdomoni, ilimbidi asubiri, na akiwa anasubiri jibu lenyewe lilipoa. Kufikia adhuhuri walikuwa wamepanga siku za kunywesha kwa zamu, na mbuzi wanaokohoa, wa huku na wa huku, wahamishiwe ng'ambo ya laga, ule mkondo mkavu wa mto, mpaka wadungwe sindano. Naibu wa chifu akaandika. Guracha na Lotukoi wakashikana mikono.

Florence alirudi mjini alasiri akiwa na kichwa kizito, akajilaza sakafuni nyuma ya cherehani. Racho, ambaye safari hii hakwenda, alimletea chai na kumuuliza wamesema nini. Florence akaanza kusimulia akiwa amelala vile vile, amefumba macho. Alimaliza dua akaingia mvua. Akapita kwa Guracha, akarudi kwa Lotukoi. Akataja zamu za siku na nani alipinga nini. Alisimulia mkutano mzima kwa mpangilio. Racho akauliza kama alikuwa ameandika.

"Sijaandika."

Siku tatu baadaye alijaribu tena, peke yake, akiwa anakata kitambaa. Yote yalikuwepo. Alipomweleza Mutembei, huyo hakushangaa. Alisema kile mtu alichokielewa, akakifunga kwenye jambo analolijua, akakisema tena kwa lugha nyingine, hakibaki kwa kaunta, kimeshahamia nyuma. Kisha akamtajia namba tano, na Florence akazirudisha zote tano.

"Ilikuwa nne," Mutembei akasema.

"Moja tu imeongezeka?"

"Moja ni moja, mama."

Mwezi wa tano Lotukoi alikuja Bulla Pesa, fimbo mkononi, akasimama mbele ya baraza kama mtu aliyepotea njia. Baada ya salamu ndefu akasema mwanawe anataka kuoa binti wa Kiborana, kwamba amezungumza naye mpaka amechoka na kijana hasikii, na kwamba wazee wa msichana wamekubali angalau kukaa na kusikilizana. Angependa Florence awe katikati. Florence akamwomba asubiri, akaandika siku, mahali na jina la ukoo wa binti, akamsomea ili ahakikishe. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaaga.

Alipokwisha kwenda, Florence aligeukia upande wa sukuma wiki.

"Racho, mimi Kiborana cha maji na mbuzi nakijua. Cha posa sikijui hata kidogo. Wakianza na mafumbo yao nitashika nini?"

Racho alifuta mikono kwenye leso, akavuta kigoda chake karibu na cherehani. "Kwanza," akasema, "wazee wa binti hawatasema mmekuja kutafuta mke. Sikiliza vile watasema." Florence akaacha gurudumu, akakunja mikono, akasikiliza.